SAFARI YA KUSINI NA DAFTARI LA MAMA

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wanakisomo na wageni wao, Kariakoo, Dar es Salaam)



Tumeombwa tuje tuzungumze nanyi juu ya safari. Sisi si walimu. Sisi ni wachuuzi wa hapa Kariakoo. Kwa miaka mingi tumekwenda na kurudi njia ya kusini, yaani njia ya Kibiti, Kilwa, Lindi na Mtwara. Tulikwenda na mabati, sabuni, sukari na vitenge. Tulirudi na korosho, ufuta, nazi na muhogo mkavu. Basi tutasema tuliyoyaona kwa macho yetu. Tukikosea, mtatusahihisha.

Jambo letu leo ni moja tu. Njia ndefu inayopita katika nchi isiyo na watu haishindwi kwa ubavu. Hushindwa kwa kujiandaa, na kwa kila msafiri kujua kwamba mwenzake yupo. Katika kujiandaa huko, kalamu na karatasi ni vyombo vya safari, sawa na jeki na tairi la akiba. Huenda mkasema tunawapendeza kwa kuwa ninyi ni wanakisomo. Hapana. Ngojeni tuwaeleze.

JINA LA KARIAKOO

Kwanza tuanze hapa hapa tulipo. Wengi wenu mnakuja Kariakoo kununua na kuuza. Je, mnajua jina hili limetoka wapi?

Mwezi wa Septemba mwaka 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza waliuteka mji wa Dar es Salaam kutoka kwa Wajerumani. Vita ile ilipiganwa porini, mahali pasipo na barabara. Farasi na punda walikufa kwa mbung'o. Kwa hiyo mzigo mwingi wa jeshi, risasi, unga na dawa, ulibebwa vichwani na watu. Wapagazi hao walikuwa na kikosi chao. Kwa Kiingereza kiliitwa Carrier Corps. Kambi yao ilikuwa mahali hapa. Wenyeji wakalitamka jina lile kwa midomo yao wenyewe: Kariakoo.

Wapagazi hao walipelekwa mbali. Wengi walipelekwa kusini, njia ile ile tunayoizungumzia leo. Mwanzoni mwa mwaka 1917 mvua kubwa ilinyesha, mto Rufiji ukafurika, na chakula hakikuwafikia askari wala wapagazi. Mwezi wa Oktoba mwaka huo huo kulikuwa na vita vikali huko Mahiwa, bara ya Lindi. Katika vita ile yote makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa. Wengi hawakufa kwa risasi. Walikufa kwa maradhi, kwa njaa na kwa kuchoka.

Sasa sikilizeni. Wengi katika wapagazi hao majina yao hayakuandikwa vizuri po pote. Mtu aliondoka kijijini, akaingia porini, basi. Nyumbani walingoja. Hawakupata barua wala habari ya kaburi. Tunaomba mlikumbuke jambo hilo, kwa sababu tutalirudia.

NCHI YENYEWE

Kutoka Dar es Salaam mpaka Mtwara ni karibu kilomita 560. Mtu wa leo akisikia hivyo haogopi. Anapanda basi alfajiri, na jioni kabla jua halijatua amefika. Lakini sisi tuliijua njia hiyo kabla ya daraja na kabla ya lami.

Mpaka Kibiti si mbali sana, na vijiji viko karibu karibu. Ukipita Ikwiriri ndipo unapoukuta mto Rufiji. Wakati ule hapakuwa na daraja. Magari yalivushwa kwa pantoni, pale Ndundu. Maji yakijaa, au pantoni ikiharibika, magari yalipanga foleni. Watu walipika, walilala, walifua nguo wakingoja.

Ng'ambo ya mto ndiko kwenye kazi. Kutoka Ndundu mpaka Somanga ni kilomita 60 tu. Lakini kilomita hizo 60 zilikuwa ndefu kuliko zote. Nchi ni tambarare. Udongo ni mweusi na unanata. Wakati wa kiangazi unakuwa mgumu kama jiwe, na kupasuka pasuka. Mvua ikinyesha unakuwa kama uji mzito wa ugali. Gurudumu likiingia halitoki. Linazunguka pale pale na kujichimbia kaburi. Vijiji ni vichache, na kati yake ni msitu, mabwawa na majani marefu kupita kimo cha mtu. Wanyama wamo. Ninyi mliotoka Rufiji mnakumbuka simba walioua watu zaidi ya 30 kati ya mwaka 2002 na 2004. Hatusemi hadithi za sungura na fisi hapa.

Masika yakiingia, kusini kulikuwa kama kisiwa. Bei ya sukari ilipanda na chumvi ikaadimika. Mgonjwa aliyetakiwa kuletwa Muhimbili alingoja. Ndiyo maana lori lililothubutu kwenda lilipata faida. Na sisi tulithubutu.

SAFARI YA MWAKA 1998

Mwishoni mwa mwaka 1997 na mwanzoni mwa 1998 nchi yetu ilipata mvua nyingi sana, zile zilizoitwa mvua za El Nino. Kila mmoja anazikumbuka. Madaraja yalichukuliwa na maji, na reli zilikatika.

Mwezi wa Machi 1998 sisi watu watatu tulikodi nafasi katika lori moja. Tulipakia hapa Kariakoo kwa siku mbili, karibu na lile jengo la soko kuu lililofunguliwa mwaka 1975 na kuungua mwezi wa Julai 2021. Tulikuwa na magunia ya sukari, katoni za sabuni na mabati. Juu ya mzigo walipanda abiria. Siku hizo ndivyo ilivyokuwa. Basi lisipokwenda, mtu alipanda juu ya magunia, akashika kamba, akamwomba Mungu.

Abiria mmoja alikuwa mama wa makamo, mwenyeji wa upande wa Kilwa. Alikuwa amekuja kuuza mikeka ya ukindu. Alikuwa na kikapu, mkeka mmoja uliobaki, na daftari la mistari lililofungwa kwa uzi. Kabla lori halijaondoka alianza kuuliza abiria mmoja mmoja: "Jina lako nani? Unakwenda wapi? Nyumbani apewe nani habari?" Kila jibu aliliandika, taratibu, kwa herufi kubwa.

Dereva akacheka. Akasema, "Mama, kumbe tumepakia karani wa mkoa!"

Mama akamjibu bila kuinua kichwa: "Mwanangu, hata mbuzi wa mnadani huandikwa. Sisi je?"

Watu walicheka, na sisi tulicheka. Baadaye alitueleza kwamba alijifunza kusoma katika kampeni ya kisomo, chini ya mwembe, akafanya mtihani wa mwaka 1975. Tangu siku hiyo huandika kila kitu: deni, mavuno, siku ya kuzaliwa ya kila mjukuu. Alisema, "Nilichelewa kujua. Sasa sipotezi hata jina moja."

Daftari lilikuwa na majina 26. Abiria 23, dereva mmoja na utingo wawili. Sisi watatu tulikuwa miongoni mwa hao 23.

TUNAKWAMA

Tulifika Ndundu usiku. Tulikaa pale siku mbili tukingoja pantoni. Siku ya tatu tulivuka. Dereva akasema tusipumzike, mawingu yamejaa. Tukapita Muhoro. Mbele kidogo, saa kumi alasiri, lori likainama upande mmoja, likalia, likasimama. Ekseli ilikuwa imelala juu ya matope.

Kwa mtu asiyejua kazi hii tutaeleza. Lori likikwama hivyo, usilazimishe injini, maana unalizamisha zaidi. Kwanza unashusha mzigo. Gunia la kilo 100 linashuka kwa watu wawili, ndani ya matope ya magoti, linapelekwa mahali pakavu, na linafunikwa turubai. Halafu unachimba mbele ya kila gurudumu. Unakata matawi na magogo, unayapanga kama ngazi. Unaweka jeki, lakini jeki nayo inazama, kwa hiyo chini yake unaweka ubao. Unainua kidogo, unajaza matawi, unainua tena. Ndipo unajaribu injini. Likitoka, linakwenda hatua 100, na linakwama tena.

Tulifanya hivyo jioni ile, na kesho yake mchana kutwa. Chakula kikapungua. Tulikuwa na mihogo, mikate iliyoota ukungu na njugu. Maji ya kunywa yaliyokuwa katika madumu yalikwisha. Mama wa daftari aliteka maji ya dimbwi, akayachuja kwa kanga, akayachemsha mpaka yakatokota, na kila mtu akapewa kikombe kimoja. Alipima kwa kikombe kile kile, mkubwa na mdogo. Alikuwapo pia mama mwenye mtoto mgonjwa wa homa. Huyo alipewa viwili.

Katika abiria alikuwamo kijana wa miaka kama 18. Alikuwa amemaliza darasa la saba hapa mjini, na alikuwa anamfuata kaka yake Kilwa Masoko. Hakuwa amewahi kutoka Dar es Salaam. Jioni ile aliona moshi kwa mbali. Akasema, "Pale pana kijiji. Si mbali." Mzee mmoja akamwambia, "Porini moshi si mji, mwanangu. Kaa." Kijana akanyamaza. Tulidhani amesikia.

JINA LA KUMI NA SABA

Alfajiri lori lilitoka kwenye matope. Tulishangilia! Tulipakia mzigo haraka haraka. Upande wa mashariki wingu lilikuwa jeusi. Dereva aliwasha injini akapiga kelele, "Pandeni! Pandeni! Mvua ikitukuta hapa tumekwisha!"

Mama alifungua daftari, akaanza kuita majina. Dereva alikasirika. "Mama, huu si wakati wa shule!" Yeye akaendelea. La kwanza, la pili, la tatu. Alipofika jina la kumi na saba hapakuitika mtu. Akaita tena. Kimya. Kijana hakuwapo. Kifurushi chake kilikuwapo.

Hapo, ndugu zetu, tuseme ukweli, maana hatukuja hapa kujisifu. Watu waligawanyika. Dereva alisema, "Ametangulia kwa miguu. Tutamkuta njiani." Wengine walisema, "Hatuwezi kuwaua watu 25 kwa ajili ya mmoja." Mama mwenye mtoto mgonjwa alilia, akasema mwanawe anahitaji dawa leo. Hayo hayakuwa maneno ya watu wabaya. Yalikuwa maneno ya watu wenye njaa na hofu.

Na sisi wachuuzi watatu tulikuwa upande wa dereva. Tulifikiri sukari. Mvua ikinyesha juu ya sukari, mtaji umekwisha. Tulisema, "Kweli, ametangulia." Lakini moyoni hatukuwa na hakika.

Mama alishuka. Akakunjua mkeka wake, akautandika mbele ya gurudumu la lori, akaketi. Akaweka daftari na kalamu juu ya mkeka. Akasema hivi:

"Sina nguvu ya kuwazuia. Mkitaka, niondoeni. Lakini kabla hamjaenda, kila mtu aje aandike hapa kwa mkono wake kwamba jina la kumi na saba limeachwa porini kwa hiari yake yeye. Asiyejua kuandika aweke dole gumba. Mama yake akiuliza, nimwonyeshe."

Hakuna aliyeichukua kalamu ile. Dereva aliitazama kwa muda mrefu. Halafu akazima injini.

Tuligawana makundi ya watu wanne wanne. Kila kundi lilikuwa na panga na debe la kupiga. Wanawake na wagonjwa walibaki. Utingo mmoja alibaki akipiga honi kila baada ya muda, ili nasi tusipotee. Tulikubaliana kwamba hakuna kundi kwenda mahali isiposikika honi. Tuliona kinyesi cha tembo, kibichi. Hatukusema neno, tulizidi kupiga debe.

Karibu saa sita mchana tulisikia sauti. Kijana alikuwa juu ya mti, amekumbatia tawi. Alikuwa kama kilomita mbili tu kutoka kwenye lori. Alikuwa ameufuata moshi, akakuta bwawa pana. Moshi ulikuwa ng'ambo ya pili, labda wa wavuvi. Giza likamkuta. Akakanyaga kisiki, mguu ukavimba. Akasikia ngurumo ya mnyama, akapanda mti. Asubuhi alisikia honi, lakini hakuweza kujua inatoka upande gani, maana porini sauti huzunguka. Alisema alipolisikia lori linawashwa alijua tunaondoka. "Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka," alisema. Mguu wake haukuweza kukanyaga chini. Angebaki pale, hangefika po pote.

Tulimbeba kwa zamu. Tulipomfikisha, mama hakusema jambo kubwa. Alifungua daftari, akaweka alama mbele ya jina la kumi na saba. Akampa kikombe cha maji.

Mvua ilitukuta, kama dereva alivyosema. Tulikwama tena usiku mmoja. Magunia mawili ya sukari yaliyeyuka, tukaona maji matamu yakitiririka chini ya lori. Yule mtoto mgonjwa, tunamshukuru Mungu, alipona, maana mzee mmoja alikuwa na vidonge vya malaria katika mfuko wa kanzu. Siku ya saba tulifika Nangurukuru.

Hasara ya sukari tumekwisha isahau. Jina la kumi na saba hatujalisahau. Na hatujasahau kwamba tulikuwa tayari kuliacha.

WENZETU WA AUSTRALIA

Msidhani haya ni mambo ya nchi maskini tu. Iko nchi inaitwa Australia, mbali sana, ng'ambo ya Bahari ya Hindi. Ni nchi tajiri. Lakini katikati yake ni nyika kubwa na jangwa, na watu ni wachache mno. Iko barabara kuu inayokata nchi ile kutoka kusini mpaka kaskazini, kutoka mji wa Port Augusta mpaka mji wa Darwin. Urefu wake ni kama kilomita 2,700. Ni karibu mara tano ya safari yetu ya Mtwara. Imetiwa lami yote. Malori yake huvuta matela matatu, yakifuatana kama mabehewa ya treni. Lakini njia ndogo zinazotoka barabara hiyo na kuingia nyikani ni za vumbi na mchanga, na huko mtu anaweza kwenda mchana kutwa asione nyumba.

Je, watu wa kule hufanyaje? Wana magari mazuri, wana redio na simu. Hata hivyo sheria yao ya kwanza ni ile ile ya mzee wetu: gari likiharibika, usiliache. Sababu yake ni rahisi. Gari ni kubwa, linaonekana kwa mbali, hata kwa ndege. Mtu mmoja katika nyika haonekani. Tena gari lina kivuli. Mtu anayetembea juani katika joto kali anaweza kupoteza lita moja ya jasho kwa saa moja. Amebeba lita mbili, amekwenda saa mbili, basi. Kule wamekufa watu walioacha magari yao kwenda kutafuta msaada, na gari likakutwa kabla yao.

Sheria yao ya pili ni hii: kabla hujaingia nyikani, mwambie mtu unakwenda wapi, kwa njia gani, na utafika lini. Usipofika, huyo ndiye atakayepiga kelele. Mnaona? Ni lile lile daftari la mama.

BARABARA YA LEO

Leo mambo yamebadilika, na ni haki kushukuru. Mwaka 2003 daraja la Mkapa lilifunguliwa juu ya mto Rufiji. Urefu wake ni karibu mita 970. Pantoni ya Ndundu ikapumzika. Kile kipande cha Ndundu mpaka Somanga kilichelewa sana, lakini katika miaka ya 2010 nacho kikatiwa lami. Safari ya siku saba imekuwa safari ya siku moja.

Lakini mvua haijasaini mkataba na mtu. Mwezi wa Aprili 2024 mto Rufiji ulifurika, mashamba na nyumba za watu zikaingia maji. Mwezi wa Mei mwaka huo huo kikaja kimbunga kilichoitwa Hidaya. Barabara ya kusini ilikatika katika sehemu za Kilwa. Mabasi na malori yalikwama upande huu na upande ule kwa siku kadhaa. Watu walikuwa na simu za mkononi, lakini simu nyingi zilizimika kwa kukosa umeme. Na mtu ambaye namba zote za nyumbani ziko ndani ya simu, simu ikizimika, hana hata namba moja kichwani.

Basi barabara ni mpya, lakini busara ya zamani bado ina kazi.

MAMBO YA KUSHIKA

Tutayataja machache, na mnaweza kuyanakili.

1. Kabla ya safari, andika kwenye karatasi: siku ya kuondoka, gari utakalopanda, njia, na siku ya kufika. Karatasi hiyo iache nyumbani kwa mtu anayejua kusoma.

2. Andika namba za simu tatu kwenye karatasi nyingine. Iweke kwenye mfuko wa nailoni pamoja na kitambulisho chako. Usitegemee simu peke yake.

3. Soma tiketi yako kabla ya kutoa pesa. Jina ni lako? Tarehe ni ya leo? Nauli ni ile uliyolipa? Kama kuna kosa, lisemwe hapo hapo.

4. Beba maji ya kukutosha zaidi ya siku moja, na chakula kisichooza upesi. Msafiri wa masika abebe mara mbili.

5. Usipande juu ya mzigo wa lori. Sisi tulipanda, na tumewaona walioanguka. Tusirudie.

6. Gari likikwama, kaa karibu nalo. Ukitaka kwenda hata kujisaidia, mwambie jirani yako.

7. Kabla gari halijaondoka tena, mhesabiane. Msimwachie dereva peke yake. Dereva anatazama mbele.

Ndugu zetu, tunamaliza. Wapagazi wa Kariakoo waliingia katika nchi ile ile, na wengi wao majina yao hayakuandikwa. Kijana wetu aliingia katika nchi ile ile, naye jina lake liliandikwa na mama mmoja aliyejifunza kusoma akiwa mtu mzima. Wapo wanaosema kisomo cha watu wazima ni kazi ya bure, kwamba mzee ataandika nini. Mkiulizwa hivyo, mjibu: ataandika majina ya watu. Kisha atayaita, na likikosekana moja hatakubali gari liondoke.



MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Je, katika kijiji chenu ni nani anayejua mtu aliyesafiri atarudi lini? Imeandikwa?

2. Dereva alikuwa na sababu ya kutaka kuondoka. Sababu hiyo ilikuwa ipi? Ungekuwapo, ungekuwa upande gani?

3. Kwa nini mama aliwataka watu waandike kwa mkono wao wenyewe?

4. Barabara ya kwenu hukatika mahali gani wakati wa masika? Mnaweza kufanya nini kabla mvua haijaanza?